Sanduku la Wasomaji: Eti picha iliyotafsiriwa sio picha?

Barua za safari hii karibu zote ni za muvi, naona mvua imewafungia watu ndani. Nimechukua tatu.

Swali: Dada shikamoo. Mimi ni fundi seremala huku Mwanza, jioni nikishafunga kazi lazima nipitie kibandani nicheki picha moja, na mimi napenda zile zilizotafsiriwa na madj. Juzi mdogo wangu anayesoma chuo kanicheka mbele za watu, eti mimi siangalii muvi naangalia kelele, niangalie orijino yenye sabutaito kama watu walioelimika. Kiukweli nimejisikia vibaya. Je ni kweli nakosa kitu?
*Fundi, Mwanza*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Huyo mdogo wako mwambie anakosea, tena mno. Mimi picha nimezijulia kibanda umiza, mabati juu, mabenchi chini, deki moja na tivi moja, na Kiingereza tulikuwa hatujui hata cha kuombea maji, sasa bila mtafsiri tungeelewa nini? Ile Commando ya 1985, Arnold Schwarzenegger binti yake katekwa, kuna mahali kaning'inia kwenye tairi za ndege na ndege ndo inapaa alafu anajiachia anadondokea kwenye kinamasi, basi jamaa yetu wa kutafsiri alikuwa anaishusha sauti pole pole, anatuambia steringi anawaza nini, anamwomba Mungu gani, mpaka kibanda kizima mnasikia jenereta tu. Juzi juzi nimeirudia nyumbani, picha safi, sauti yake yenyewe, na unajua nimegundua nini, jamaa haongei! Vineno viwili vitatu basi. Nusu ya ile muvi niliyokua naipenda miaka yote hii ilitoka mdomoni kwa mtafsiri, na nilimkumbuka sana.

Kwahiyo hiyo ni kazi ya sanaa kabisa. Lufufu hapa Bongo, DJ Afro kule Kenya, hao ni wasimuliaji, ni paukwa pakawa ile ile ya bibi, mmoja anasimulia na wengine wanaitikia, tofauti ni kwamba kuna tivi mbele. Mtu akikuambia ni kelele basi hajawahi kukaa kibandani siku steringi anakaribia kuuliwa.

Lakini na wewe nikuambie ukweli kama dada yako, kuna picha ukiziwekea mtafsiri unaziua. Tafuta Supa Modo, ya Kenya, imetoka 2018, aliyeiongoza ni Likarion Wainaina. Ni katoto ka kike kanaitwa Jo, ni mgonjwa wa kufa, mama yake kaenda kumtoa hospitali akakae nyumbani siku zilizobaki, na Jo anapenda muvi za mashujaa kuliko kitu chochote, basi dada yake anamdanganya ana nguvu za ajabu na mwisho kijiji kizima kinaingia kwenye huo uongo ili mtoto afurahi. Wanaongea Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, ni lugha zetu hizi hizi. Sasa kuna sehemu mama anamwangalia tu mtoto. Haongei. Mtu akipiga mdomo hapo anakuibia kitu, maana kile kimya ndo picha yenyewe, mimi nililia na sio kidogo. Ina saa moja na robo hivi, haikumalizii usiku.

Alafu ukimaliza hiyo mwekee huyo mdogo wako Nairobi Half Life ya 2012, aangalie mwanzo tu. Mwas, kijana wa kijijini, anauza sidii za muvi kwa kuwaigizia wateja, anarusha mikono, anapigana peke yake, anapiga domo mpaka mtu ananunua, na ndoto yake ya kuwa muigizaji inaanzia hapo hapo kwenye kusimulia picha za watu wengine kabla hajaenda Nairobi akaibiwa kila kitu siku ya kwanza. Aone hiyo ndo mrudi kwenye mazungumzo yenu ya kelele.

Swali: Mambo dada. Niko kidato cha sita Tanga, nimeangalia Vuta N'kuvute ile muvi, nimeipenda hatari. Kitabu ni kinene na mtihani umekaribia. Nikishaiona muvi si inatosha?
*Mwanafunzi, Tanga*

Jibu: Haitoshi mdogo wangu, soma kitabu. Muvi ya Amil Shivji ina dakika tisini na kitu, kitabu cha Adam Shafi kina maisha ya watu wengi mno kuingia humo, na mimi manung'uniko yangu kwenye muvi ni hayo hayo, ile harakati ya akina Denge, vijana wanaopigania uhuru, dhidi ya Mwingereza inapita haraka, nilitaka nikae nao vikaoni, niwasikie wakibishana. Kama hujasoma utampenda Denge bila kujua vizuri anapigania nini.

Ila ulivyoipenda nakuelewa. Ile Unguja ya miaka ya 50, vichochoro, taa za usiku, Yasmin katoka kwenye ndoa ya kulazimishwa hajui pa kwenda, na Mwajuma, anayeigizwa na Siti Amina, akiimba taarabu, jamani! Na Kiswahili chenyewe wanavyokiongea, hakuna mtu anayeongea kama anasoma karatasi, ugonjwa ambao bongo muvi zetu nyingi bado wanao, mtu anamaliza sentensi yake ndo mwenzake anaanza. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto 2021, mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, na hiyo ilikua mara ya pili tu nchi yetu kupeleka picha, ya kwanza ilikua Maangamizi mwaka 2001. Miaka 21 katikati. Inaniuma kila nikiwaza.

Soma sasa hivi, mtihani ukiisha iangalie tena.

Swali: Dada, mama mkwe anakuja kutoka kijijini kukaa mwezi mzima. Hajui Kiingereza, macho hayaoni sabutaito, na sitaki picha itakayotufanya tuangalie pembeni. Tuangalie nini?
*Mama wa watatu, Morogoro*

Jibu: Neria, mama yangu. Ni ya Zimbabwe, ya miaka ya 90, na haina aibu yoyote. Mume wa Neria anakufa ajalini, matanga hayajapoa shemeji mtu kaanza kubeba mali, nyumba, gari, pesa za benki, eti ndo mila. Oliver Mtukudzi anaigiza kaka yake Neria na muziki pia ni wake.

Ni ya Kiingereza, kwahiyo mtafsiri ni wewe. Usiogope, mimi nilimtafsiria mama yangu mzazi mwaka jana, nilikua namwambia kwa kifupi, "sasa anamwambia hivi, huyu anakataa," na ilipofika shemeji anapakia vitu akanishika mkono, simamisha hapo. Akaanza kunisimulia mambo ya shangazi yake, jinsi walivyomnyang'anya shamba na cherehani mume wake alipofariki, kitu ambacho miaka yote hii sikuwahi kukisikia. Tulirudi kwenye muvi saa tano usiku.

Kwahiyo wekeni mapema, mkishakula tu, watoto nao wawepo.