Sanduku la Maswali: Hisa na vipande visivyolingana kwenye GnuCash

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaotunza hesabu za uwekezaji kwa GnuCash, programu ya bure ya kompyuta, na wanaona kwenye skrini tarakimu zisizolingana na karatasi za dalali au za mfuko wa uwekezaji, ambao huuza sehemu zake kama vipande. Majina ya menyu tumeyaacha kama yalivyo kwenye programu. Tunawaomba kitu kimoja: msiguse muamala ili tu skrini ipendeze. Thamani mnayoiona ni idadi ya hisa mara bei, na kosa mara nyingi limejificha kwenye bei.

SWALI: Nina hisa 1,000 za benki ya CRDB nilizonunua zamani. Nimefungua akaunti na kuziingiza bila bei, kwa kuwa nilitaka idadi tu. Sasa naona "1,000" na jumla ya mali yangu haijaongezeka hata senti. Fedha imekwenda wapi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Haijapotea, ila haijawahi kuingia. Akaunti ya aina ya "Stock" au "Mutual Fund" huhesabu hisa, si shilingi. Hata salio la mwisho wa leja yake ni idadi ya hisa. Ili kuona fedha, nenda ukurasa wa "Accounts", bofya kishale kidogo kilicho mwisho wa kulia wa vichwa vya safu, kisha uweke alama kwenye "Total" yenye sarafu kwenye mabano.

Safu hiyo itaonyesha sifuri mpaka programu ipate bei. Fungua "Tools", kisha "Price Database", bonyeza "Add", chagua hisa yako, weka tarehe na bei ya kufunga soko ya siku hiyo. Kabla ya kubonyeza OK, tazama kisanduku cha sarafu. Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Marekani, na kisanduku hicho kinaweza kuwa tayari kimeandikwa USD. Ukikiacha hivyo utakuwa umesema bei ya hisa ni ya dola, si ya shilingi. Lazima kiwe TZS, yaani shilingi ya Tanzania.

Kisha rudi kwenye ule mstari wa hisa 1,000 uandike bei uliyonunulia, upande wa pili ukiwa "Opening Balances" (akaunti ya salio la kuanzia). Usipofanya hivyo, ripoti za faida zitadhani hisa ulizipata bure na thamani yake yote ni faida.

SWALI: Ninanunua vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji ya Tanzania, kila mwezi. Idadi ya vipande kwenye programu haifanani na taarifa ninayopewa. Tofauti ni ndogo lakini inabadilika kila mwezi. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Programu inakukatia desimali. Ulipoisajili hisa au mfuko, kuna sehemu iitwayo "Fraction traded", na ikiwa imewekwa 1, GnuCash haikubali kipande kisicho kizima. Tuseme umeweka shilingi 500,000 kwa bei ya 1,250.40. Unastahili vipande 399.8720. Programu inaandika 400, na ili hesabu ifunge, bei inageuka kuwa 1,250.00. Kwa hiyo umekosea mara mbili, kwenye vipande na kwenye bei, na fedha iliyotoka benki ikabaki sahihi. Ndiyo maana kosa hili halionekani upesi.

Fungua "Tools", kisha "Security Editor", chagua mfuko, bonyeza "Edit" na uweke 1/10000. Halafu hariri akaunti yenyewe uhakikishe "Smallest fraction" imeachwa kwenye "Use Commodity Value". Miamala ya nyuma haitajirekebisha: pitia mmoja mmoja ukiwa na taarifa ya mfuko mkononi, uandike vipande kwa desimali nne. Programu ikikuuliza ibadilishe kipi kati ya "Shares", "Price" na "Value", chagua bei. Vipande na fedha ndivyo vilivyoandikwa kwenye taarifa yako; bei acha programu ijitafutie.

Kuhusu bei ya kuthamini: mfuko hutangaza bei ya kuuza vipande na bei ya kuvinunua tena. Sisi tunapendelea ya kununua tena, kwa sababu ndiyo inayoonyesha utakachopata ukitoa leo. Chagua moja usibadilishe katikati ya mwaka.

SWALI: Niliuza hisa zangu zote za kampuni moja, akaunti yake ikatoweka. Je, kumbukumbu imefutika? (Msomaji, Tanga)

JIBU: La. Ingia "View", kisha "Filter By...", fungua kichupo cha "Other" uweke alama kwenye "Show zero total accounts".

SWALI: Nilikosea nikaandika bei 6,400 badala ya 640. Nimeufuta muamala na kuuandika upya kwa tarehe sahihi, siku kadhaa nyuma, lakini thamani bado ni mara kumi. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kila unapoandika ununuzi, programu huchukua bei yake na kuiweka kwenye "Price Database". Kufuta muamala hakuifuti bei hiyo. Na kwa kuwa muamala mpya una tarehe ya nyuma, bei mbovu ndiyo inayohesabiwa kuwa ya karibuni. Nenda kaiondoe kwa "Remove". Ukiwa hapo, tafuta pia bei zenye tarehe ya mbele: mwaka 2052 ulioandikwa badala ya 2025 unaweza kushikilia nafasi ya bei ya mwisho, na kila bei sahihi utakayoingiza ikaonekana haifanyi kazi.

Kosa jingine la namna hii huletwa na ada ya dalali. Hisa 1,000 kwa 640 ni shilingi 640,000, na ada tuseme ni 13,000. Ukiandika 653,000 yote kwenye safu ya "Buy", programu itaweka bei ya 653, bei ambayo haikuwahi kuwepo sokoni. Tumia kitufe cha "Split": 640,000 kwenye hisa, 13,000 kwenye akaunti ya matumizi, na 653,000 kutoka benki.

SWALI: Ninaishi Muscat. Akaunti zangu za Oman zinajumlishwa vizuri, ila hisa za Dar es Salaam zinahesabiwa sifuri kwenye jumla kuu, ingawa bei nimeiweka. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Umeweka daraja moja, yanahitajika mawili. Bei inatoa hisa kwenye shilingi. Bado shilingi kwenda riali. Kiwango cha kubadilisha fedha nacho hukaa kwenye "Price Database" hiyo hiyo. Kiingize ukianzia riali: chagua "CURRENCY", kisha OMR, sarafu ikiwa TZS, uandike riali moja ni shilingi ngapi. Ukiandika kinyume utapata sifuri nyingi baada ya nukta, na kosa la tarakimu moja hapo ni gumu kuliona. Programu itageuza yenyewe.

Ikigoma bado, angalia kama hisa hiyo umeisajili mara mbili, kwa mfano chini ya "DSE" (Soko la Hisa la Dar es Salaam) na tena chini ya "Dse". Kwa programu, hizo ni hisa mbili tofauti, na bei inaweza kuwa inaingia kwenye ile isiyotumiwa na akaunti yako.

SWALI: Gawio ninaliandika kila mwaka kwenye mapato, lakini ripoti ya "Advanced Portfolio" inaonyesha mapato sifuri kwa hisa zangu za Safaricom. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ripoti hiyo husoma miamala inayogusa akaunti ya hisa tu. Gawio lako linatoka mapato kwenda benki moja kwa moja, kwa hiyo halina kinachoonyesha ni la kampuni gani. Fungua muamala kwa "Split" uongeze mstari wa akaunti ya Safaricom wenye hisa 0 na thamani 0. Wakati huo huo tenganisha kodi ya zuio, ambayo kwa mkazi wa Kenya ni 5%: gawio la shilingi 10,000 liandikwe 10,000 kwenye mapato, 9,500 benki na 500 kodi. Ukiandika 9,500 peke yake, ripoti itakuonyesha hisa inayolipa kidogo kuliko inavyolipa kweli.