Msamiati wa Kiingereza wa jikoni, mezani na dukani: anzia pale lugha mbili zinapoachana

Fungua daftari la mtu anayejifunza Kiingereza na utakuta mistari ya namna hii: wali ni "rice", nguo ni "cloth", suruali ni "trouser". Mistari mitatu, na kila mmoja una kasoro. "Rice" ni wali, lakini ni mchele pia. "Cloth" ni kitambaa. Nguo ni "clothes". Na suruali hata ikiwa moja huitwa "trousers", kwa wingi, kama mkasi mmoja unavyoitwa "scissors".

Kasoro hizo hazitokani na uvivu wa kukariri. Zinatokana na kudhani kwamba kila neno la Kiswahili lina mwenzake mmoja katika Kiingereza. Kwenye chakula na mavazi hali haiko hivyo hata kidogo. Sisi tuna mpunga, mchele, wali na chenga. Mwingereza anatumia "rice" karibu kwa vyote, na akitaka kupambanua anaongeza neno: "uncooked rice", "cooked rice", "broken rice". Mpunga ambao haujakobolewa ndio wenye jina lake, "paddy". Ukija kwenye nyama mambo yanageuka. Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, ya nguruwe, ya kondoo, basi. Kiingereza kina "cow" akiwa zizini na "beef" akiwa sahanini, "pig" na "pork", "sheep" na "mutton". Majina ya nyama yalitokana na Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya mifugo yakabaki ya Kiingereza cha kale. Nyama ya mbuzi ni "goat meat" au "goat" tu. Ila ukiwa Dubai au Muscat na muuza bucha ni Mhindi au Mpakistani, akikwambia "mutton" mara nyingi anakusudia mbuzi, kwa hiyo uliza: "Is it goat or sheep?"

Ndiyo maana nashauri usianze na herufi A. Chumvi ni "salt", yai ni "egg", kijiko ni "spoon"; hayo yanalingana na yatakuja yenyewe. Nguvu zako zipeleke kwenye maneno yasiyolingana, na mahali pa kuyakamata ni jikoni kwako.

Anza na vitenzi. Wengi wanajua majina ya vyakula mia lakini hawawezi kueleza jinsi ya kukaanga yai. Kuchemsha ni "boil", kukaanga ni "fry", kuoka ni "bake", kupika kwa mvuke ni "steam". Kuchoma kuna mtego: nyama choma si "burnt meat", maana hiyo ni nyama iliyoungua. Sema "grilled meat" na utaeleweka kokote. Kumenya ni "peel", kukatakata ni "chop", kukata vipande vyembamba ni "slice", kutwanga ni "pound", kukanda unga ni "knead", kusukuma chapati ni "roll out". Kuna vitenzi vyetu ambavyo Kiingereza hakina neno moja la kuvibeba. Kubandika sufuria, au kuinjika kama wasemavyo Pwani, ni "put the pot on the stove". Kuepua ni "take it off the heat". Kupakua ni "dish up" au "serve". Kuchambua mchele ni "pick over the rice". Kuunga mboga hakuna neno kabisa, na usilitafute, eleza ulichofanya: "I cooked the greens with onions, tomatoes and coconut milk."

Sasa pika wali wa nazi huku ukisema kwa sauti kila mkono unachofanya. Unachambua na kuosha mchele: "I pick over the rice and wash it." Unakuna nazi na kukamua tui: "I grate the coconut and squeeze out the milk." Kifaa chenyewe, mbuzi ya nazi, ni "coconut grater". Tui ni "coconut milk", na usilichanganye na maji ya dafu, ambayo ni "coconut water". Dukani ni bidhaa mbili tofauti. Tui linachemka, unatia chumvi na mchele: "I bring the milk to the boil, then add salt and the rice." Unapunguza moto na kufunika: "I turn down the heat and cover the pot." Unauacha ukauke polepole: "I let it simmer until it is dry." Sentensi tano, vitenzi zaidi ya vitano, na kila kitenzi umekifunga kwenye harufu na joto la kitu unachokijua. Rudia kila unapopika chakula hicho, na mara ya nne hutahitaji karatasi.

Unga ndio unaowasumbua sana walio ughaibuni, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ukitaka ugali Uingereza, usinunue "cornflour". Neno linadanganya: huko "cornflour" ni wanga mweupe laini wa kuzidishia mchuzi uzito, ukiusonga utapata gundi. Kinachotakiwa ni "maize meal" au "maize flour". Marekani wanga ule unaitwa "cornstarch", na unga wa ugali unautafuta kwa jina la "white cornmeal", chenga zake zikiwa laini, "fine". Angalia pakiti isiwe imeandikwa "self-rising", maana hiyo imeshatiwa hamira ya unga, yaani "baking powder", na chumvi. "Masa harina" nayo ni ya mahindi, lakini mahindi yake yamepikwa na chokaa kwanza kwa ajili ya tortila za Kimeksiko, ladha na mshiko wake si wa ugali. Kwa chapati na maandazi, unga wa ngano wa kawaida ni "plain flour" Uingereza na "all-purpose flour" Marekani.

Hapo umeona tatizo la pili: Kiingereza cha London na cha Chicago hakikubaliani mezani. Shule zetu zinafundisha cha Uingereza, sinema zinaleta cha Marekani, na kichwani vinachanganyika. Chipsi ni "chips" London, Marekani ni "fries". Mmarekani ukimwomba "chips" atakupa zile kavu za pakiti, ambazo Mwingereza anaziita "crisps". Biskuti ni "biscuit" Uingereza na "cookie" Marekani. Bilinganya ni "aubergine" kwa mmoja, "eggplant" kwa mwingine, na kwa Wahindi ni "brinjal". Majani ya giligilani ni "coriander" Uingereza, "cilantro" Marekani. Nyama ya kusaga ni "mince" Uingereza na "ground beef" Marekani, ila "mincemeat" ya Uingereza ni mchanganyiko mtamu wa matunda makavu unaotiwa kwenye pai ndogo za Krismasi. Chagua upande mmoja kulingana na unakokwenda au watu unaofanya nao kazi, mwingine ujue kwa kusikia tu.

Kuna pia Kiingereza chetu wenyewe cha Afrika Mashariki, kinachoeleweka Nairobi na Arusha lakini si Manchester. "Irish potatoes" nje ya kwetu ni "potatoes" tu. "Bitings" ni "snacks". "Balance" unayodai kwa muuzaji ni "change". Mchicha umezoeleka kuitwa "spinach", lakini ni "amaranth", mmea mwingine.

Baada ya jina, jifunze kipimo chake. Kiingereza hakihesabu mkate: sema "a loaf of bread", na kipande ni "a slice". Chane ya ndizi ni "a bunch of bananas". Kichwa cha kitunguu saumu ni "a head of garlic", punje yake ni "a clove", na hapa watu wameharibu mapishi, kwa sababu "cloves" ni karafuu pia. Maelekezo yakisema "3 cloves of garlic", tia punje tatu za saumu. Yakisema "3 cloves" peke yake, ni karafuu. Kifupi "tsp" ni kijiko cha chai, mililita 5, na "tbsp" ni kijiko cha chakula, mililita 15. Ukichanganya hivyo viwili kwenye chumvi, chakula hakiliki.

Mezani shida si majina, ni adabu. "Give me water" ni sahihi kisarufi lakini inasikika kama amri. Kiswahili kina "naomba", na wengi wanaitafsiri "I am asking for water" au hata "I beg". Naomba ya mkahawani ni "Could I have some water, please?" Ishike sentensi hiyo nzima kama neno moja, ubadilishe kitu tu: "Could I have the menu, please?", "Could I have some more rice, please?" Hiyo ya mwisho ndiyo "niongezee wali", "add me rice" haisemwi. Kumwita mhudumu, maneno yetu "dada" na "kaka" hayavuki; sema "Excuse me". Ukishiba, "I'm full, thank you." Hesabu ni "the bill" Uingereza na "the check" Marekani. Kwenye menyu ya Marekani "entrée" ni chakula kikuu chenyewe, si kitangulizi; kitangulizi huko ni "appetizer", Uingereza "starter". Wakikuuliza "For here or to go?" wanataka kujua utakula hapo au utafungiwa. Na kumbuka "hot" ina maana mbili, moto na kali ya pilipili. Uliza "Is it spicy?" kama unachohofia ni pilipili.

Matamshi yana dawa moja kubwa. Maneno mengi tuliyoazima tumeyatilia irabu mwishoni: keki, soksi, sketi, soseji, jamu. Ukirudi kwenye Kiingereza ikate hiyo irabu, ufunge mdomo kwenye konsonanti. Risiti, kwa bahati nzuri, inakusaidia: "receipt" ina "p" isiyotamkwa, na Kiswahili kiliazima sauti, si maandishi. Usiichanganye na "recipe", maelekezo ya mapishi, yenye silabi tatu: re-si-pi. "Clothes" ni silabi moja, karibu na "klouz".

Dukani kwenye nguo, kosa kubwa liko kwenye kitenzi kimoja. "Nimevaa shati la bluu" si "I have worn a blue shirt". Ile -me- ya kuvaa inaeleza hali uliyo nayo sasa, na Kiingereza husema "I am wearing a blue shirt". Kitendo chenyewe cha kuingiza mikono ndicho "put on", na kuvua ni "take off". Nguo moja usiiite "a clothe", neno hilo kama jina halipo. Taja vazi lenyewe, "a shirt", "a dress".

Ukijaribu nguo, tofautisha "very" na "too". "It's very big" inasema tu kwamba ni kubwa, na muuzaji anaweza kudhani umeipenda. "It's too big" inasema imekuzidi. Nguo ikikukaa sawa, "it fits". Ikikupendeza, "it suits me". Ikiendana na viatu, "it goes with the shoes". Kama unaangalia tu, "I'm just looking, thanks." Kupunguziwa si "reduce me", uliza "Is that your best price?" sokoni, na kwenye duka la bei zilizobandikwa usiulize kabisa.

Majina machache ya kuchunga. "Pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi. "Vest" Uingereza ni fulana ya ndani, Marekani ni kizibao. "Slippers" ni viatu laini vya ndani ya nyumba. Ndala ni "flip-flops". Na raba usizitafsiri "rubbers", maana Marekani utakuwa umetaja kondomu. Ni "trainers" Uingereza, "sneakers" Marekani. Namba nazo zinatofautiana: kiatu cha kiume namba 42 ni karibu na 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani, gauni namba 12 la Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani.

Kwa mazoezi huhitaji kitabu. Chukua vikadi, upande mmoja sentensi nzima ya Kiswahili, upande wa pili ya Kiingereza. Vitano kwa siku vinatosha. Virudie kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Wiki moja jikoni, ya pili sokoni, ya tatu mkahawani, ya nne kabatini.

Wiki ya kabati, kama unavaa mitumba, una somo limeshonwa ndani ya kola. Geuza shati usome lebo kabla ya kulifua. "100% cotton" ni pamba tupu. "Wash with like colours" ni kufua na rangi zinazofanana, kwa sababu "the colour may run", rangi inaweza kuchuja. Ikishapauka ni "faded". "Do not bleach", usitie jiki. "Line dry", anika kwenye kamba. "Cool iron", pasi isiwe ya moto sana. Na ukikuta "dry clean only" kwenye koti, usiliroweke kwenye beseni, maana "it will shrink", litasinyaa na halitakutosha tena.