Skripti ya Perl isiyojua iko folda gani

Ndugu yangu wa Kongowea, umesema skripti ya kujumlisha mauzo ya duka inakwenda vizuri ukiiendesha mwenyewe, lakini cron (programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa) ikiiamsha usiku inadai haioni bei.txt. Faili halijapotea. Jina tupu kama hilo Perl hulitafuta katika folda uliyosimama, si folda ya skripti, na cron kwa kawaida huanzia folda yako ya nyumbani.

Weka hivi juu kabisa:

use FindBin qw($RealBin);
use lib "$RealBin/lib";
my $bei = "$RealBin/bei.txt";

FindBin ni moduli (faili la msimbo wa kuazima) inayotambua folda ya skripti; huja na Perl yenyewe, husakinishi kitu. Chukua $RealBin, $Bin iache: siku ukiweka kiungo kwa ln -s ndani ya /usr/local/bin, $Bin itakupeleka huko kwenye kiungo, na huko hamna bei wala lib. $RealBin hufuata kiungo hadi faili lenyewe.

Usiegemee $0 (jina la skripti kama ulivyoliita) peke yake. Ukiandika perl mauzo.pl, $0 ni "mauzo.pl" tu; chdir (amri ya kubadili folda) ikishatangulia, hata abs_path($0), inayotoa njia kamili ya faili, itakudanganya.

Na moduli zikiwa kando ya skripti, andika use lib $RealBin. Tangu toleo 5.26 la mwaka 2017, Perl haizitafuti tena yenyewe katika folda uliyomo.

Ndani ya moduli mambo ni mengine, kwani FindBin hutaja folda ya skripti iliyoanzisha kazi. Huko tumia dirname(abs_path(__FILE__)), ukivuta dirname kutoka File::Basename na abs_path kutoka Cwd, kabla ya chdir yoyote.