Heka ya bibi wa Ihumwa inaninyima usingizi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dodoma, nina watoto wanne. Mwaka 2014 nilinunua heka moja kule Ihumwa kwa bibi mjane, aliniuzia laki sita maana mjukuu wake alikuwa anaumwa na mvua ziligoma uwele wote ukakauka. Sasa Mji wa Serikali uko Mtumba hapo jirani na dalali ananipigia kila siku eti kuna mtu ana milioni 40 keshi, nataka niuze nimalizie nyumba ninunue na gari, Noah. Shida ni kwamba bibi tunasali naye, anakaa benchi la nyuma na kitenge kile kile na akiniona ananisalimia vizuri tu. Juzi likasomwa neno la Mathayo 6, msijiwekee hazina duniani, nikashindwa hata kuimba. Je nilimdhulumu? Mke wangu anasema nimechanganyikiwa.

JIBU: Amen baba. Hujamdhulumu. Habari ya makao makuu kuja Dodoma tunaisikia tangu 1973, watu wamezeeka wanaisubiri, hata Magufuli alipotangaza 2016 kuna waliocheka. Wewe 2014 hukujua na bibi hakujua, mkauziana, yakaisha. Kama ni kudaiana, hakudai kitu.

Ila ungetaka mambo ya kudaiana ungeenda kwa wakili. Fungua Luka 12, yule tajiri mpumbavu tunamsema sana lakini mwangalie vizuri, hakuiba popote, shamba lake lilizaa tu kama hilo lako lilivyozaa bila wewe kushika jembe. Kilichomponza ni kwamba alipopata alikaa akaongea na nafsi yake peke yake, nitavunja ghala, nitajenga kubwa zaidi, nitakula, nitakunywa, humo hakuna jirani wala mjane wala mtu yeyote. Halafu shuka mstari wa 33, Yesu anasema toeni sadaka, jifanyieni mifuko isiyochakaa, yaani akiba ya mbinguni.

Na usije ukadhani unanunua wokovu, huo ulishalipiwa. Paulo kwenye 1 Wakorintho 3 anasema kazi ya mtu ikiteketea mwenyewe ataokolewa, ila atapata hasara. Kuna watakaokwambia peleka zote milioni 40 madhabahuni urudishiwe mara mia, achana nao, hiyo ni tamaa ya Noah ile ile imepitia mlango wa kanisa. Nyumba malizia, watoto wako ni wajibu wako na Biblia inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini.

Ningekuwa mimi ningeanza na mama watoto, nikae naye taratibu, maana ukitoa kwa siri utakuwa umeanzisha vita ndani na sadaka yenyewe itakuwa chungu. Mkielewana uzeni, na kabla hujaenda kuangalia gari nendeni wote wawili kwa bibi jioni, sio kanisani mbele za watu, mumuulize anaishije, paa linavuja au mjukuu yuko shule gani, mtaona wenyewe cha kufanya. Kiasi mtajua nyie ila kisiwe cha soda. Usimwambie "uliniuzia bei rahisi", utamwachia kidonda ambacho leo hana. Na picha ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp hapana jamani!

Dalali mwambie asubiri wiki ijayo, milioni 40 hazikimbii Ihumwa.