Ada ilifutwa, mbona watoto wa wafugaji hawamo darasani?

SWALI: Mhariri, salaam. Familia kadhaa za wafugaji wa Kibarbaig walioondolewa katika eneo la hifadhi zimejenga maboma ng'ambo ya korongo, nje ya kitongoji chetu. Nilimpeleka shuleni binti yao mmoja wa miaka 12 ambaye hajawahi kusoma, nikaulizwa cheti cha kuzaliwa, kisha nikatajiwa michango. Je, elimu bila ada haiwahusu hawa?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Inawahusu kama inavyomhusu mwanao. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na haukutenganisha mwenyeji na mhamiaji. Mchango wowote, hata uliokubaliwa na wazazi wote, hauwezi kuwa sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Kuhusu cheti, mwombe mtendaji wa kijiji barua ya kumtambulisha, na shule ikishikilia msimamo wake, mfuate Afisa Elimu Kata.

Hata hivyo, ugumu wenyewe hauko kwenye ada. Waliohamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, kuanzia Juni 2022 walikuta shule imeandaliwa, ingawa uhamisho huo una ubishi wake; familia unazozieleza zilipoondolewa zilijitafutia zenyewe pa kuishi, na hakuna aliyewahesabu watoto wao alipopanga madarasa. Mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka korongo lililojaa wakati wa masika, na kiangazi kikikaza, kaka yake aliyekabidhiwa ndama huondoka nao kutafuta maji, akarudi muhula umekwisha. Kwa hiyo serikali ya kijiji iombe halmashauri ifungue shule shikizi upande wa maboma, yaani madarasa machache ya wadogo yanayosimamiwa na shule mama. Wazee wa maboma washirikishwe katika kuchagua eneo, kwa kuwa wao ndio wanaojua mifugo itakuwa wapi mwezi wa nane.

Binti huyo asiwekwe darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita. Ataona haya na kuacha. Uliza kituo cha karibu cha MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ambako atasoma na wa rika lake, na akifaulu mtihani wa darasa la nne ataingia darasa la tano katika shule ya kawaida.