Maswali yenu: Mamangu hata uji wamshinda

SWALI: Assalaam alaikum Bi Afya. Mamangu ana saratani ya matiti na ashapata kemo mara mbili, ile dawa nyekundu. Ya kwanza alitapika tu ikapita, lakini hii ya pili ilipofika kama wiki hivi mdomo ukaanza kumuwaka na sasa ana vidonda ndani ya mashavu na chini ya ulimi, hata uji wa mchele wamshinda. Shangazi kasema asukutue ndimu na chumvi, jirani naye kaleta mafuta ya karafuu apake. Yeye mwenyewe hataki hospitali wajue, ati watamkatia dawa. Nifanyeje? Binti wa Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam mwanangu, poleni sana, na mama mpe pole zangu. Hiyo ndimu itoe leo hii, na karafuu pia rudishia jirani kwa heshima zake, vyote viwili vyachoma kidonda kilicho wazi na haviponyi kitu.

Kemo huua seli zinazozaana haraka haraka, ndo saratani hiyo, lakini ngozi laini ya ndani ya mdomo nayo hujibadilisha kila baada ya siku chache kwa hivyo nayo yapigwa, kama nywele tu. Ndo maana vidonda huja siku 5 hadi 10 baada ya dripu na mara nyingi hupona ndani ya wiki 2 au 3. Hiyo dawa nyekundu, doksorubisini, yajulikana kwa hilo, si mama peke yake.

Chukua maji lita 1 uliyochemsha yakapoa, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha bekingi soda. Soda, si bekingi pauda, angalia mkebe vizuri manake dukani huwekwa pamoja na watu hukosea. Asukutue taratibu kisha ateme, kila baada ya kula na kabla ya kulala, na katikati pia akiweza, yakibaki mwaga kesho utengeneze mengine. Mswaki uwe ule laini kabisa na uuloweke maji ya vuguvugu kwanza. Miswaki ya mti aiweke kando kwa sasa, najua kwa wazee wetu hilo ni gumu. Kama ana meno ya bandia ayatoe akilala, na dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti asiguse.

Chakula kiwe vuguvugu au baridi: uji mwepesi, maziwa lala, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, dafu, samaki wa nazi aliyetolewa miba. Bila pilipili wala ndimu, haya najua samaki bila ndimu hapa Mombasa ni kesi, lakini mvumilie. Achari, ukwaju, mabuyu na viazi karai vya moto vingoje.

Sasa hili la kuficha ndo linalonitia hofu. Daktari akijua aweza kumpa dawa ya kutia ganzi mdomoni, ya maumivu, au apunguze dozi kidogo ama aisogeze siku chache, na huko si kukatiwa dawa. Asipojua, mama hali, hanywi, mwili wakauka, bakteria wapita kwenye vidonda waingia damuni wakati chembe nyeupe za damu ziko chini, na hapo ndo kemo husimama kweli. Mwambie hivyo hivyo kwa upole, na umpigie nesi wa kliniki leo. Homa ikifika 38, au akishindwa kumeza maji, au damu ikitoka mdomoni, msingoje siku ya kliniki, nendeni hata usiku na mkifika tu mseme yuko kwenye kemo. Utando mweupe ulimini ni wa kuonyesha pia, huenda ni fangasi na ina dawa yake. Panadol asimeze kabla hujampima joto manake huificha homa, na aspirini au Brufen asipewe bila daktari kusema.

Mtasikia pia habari ya kufyonza barafu dripu ikiwa yaingia. Yasaidia kwa dawa kadhaa, lakini kuna nyengine, kama oksaliplatini, ambayo baridi hukaba koo, kwa hivyo muulizeni daktari kwanza.

SWALI: Naanza kemo mwezi ujao na nna jino limeoza. Nling'oe sasa ama nimalize kemo kwanza? Baba wa Likoni

JIBU: Sasa, kaka, na wiki hii ukiweza, ili shimo lipate angalau wiki 2 za kufunga kabla ya dripu ya kwanza. Daktari wa meno mwambie kuhusu kemo, na wa saratani mwambie kuhusu jino. Ukishaanza, usikubali mtu akung'oe mpaka damu yako ipimwe kwanza.