Kabla hujatoa hela ya Mustang ya 1965, fungua boneti usome namba

Wadau mnaotafuta Mustang za Ford za mwanzo mwanzo huko Marekani, naomba kitu kimoja tu, msianze na kile kibati cha mlangoni chenye namba na kodi za gari. Najua ndo kinachoonekana haraka, ukifungua mlango wa dereva kipo hapo kimepigwa riveti na muuzaji atakuonyesha hicho hicho, lakini hivyo vibati vinatengenezwa vipya mpaka leo, unaagiza na unaandikiwa unachotaka. Mimi nikifika naomba boneti ifunguliwe, naenda upande wa dereva pale bati la ndani linapokutana na fenda, fenda imekatwa kidogo ili namba ya utambulisho wa gari (VIN) ionekane. Ile imegongwa kwenye chuma cha bodi yenyewe, ndo ninayoiamini.

Ni fupi, ina herufi na tarakimu 11 tu, hizi za 17 tulizozoea zilikuja na magari ya 1981. Tuseme inaanza 5F09K. Hiyo 5 ni mwaka wa modeli, 1965, F ni kiwanda cha Dearborn kule Michigan (ukikuta R ni San Jose, T ni Metuchen, New Jersey), halafu 09 ni fastback (ile ya paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma), 07 ni kupe ya kawaida, 08 ni ya paa la kukunja. Na mtu akikwambia yake ni ya 1964 usibishane naye, Mustang zilianza kuuzwa Aprili 1964 kweli ila hata hizo za kwanza kabisa namba zao zinaanza na 5.

Sasa herufi ya tano, hapo ndo penye hela. Ni injini. T ni silinda 6, C ni V8 (silinda 8) ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni 289 ya midomo minne, na K ndo ile ya nguvu farasi 271 ambayo bei yake inapaa kuliko zote. Kwa hiyo watu wanachukua T wanaiwekea V8, gari linanguruma vizuri tu, hakuna ubaya ukijua unachonunua, ubaya ni kulipia bei ya K. Angalia na tairi: silinda 6 zilitoka na nati 4 kila gurudumu, V8 zilitoka na 5. Nati zinaweza kubadilishwa pia, ndo maana narudi kwenye ile herufi kila mara.

Ukishajiridhisha na chuma, ndo usome kibati cha mlangoni ulinganishe. Namba zifanane, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye kibati kuna pia kodi ya bodi, 63A ni fastback, kwa hiyo haiwezi kukaa na 07. Sehemu ya giaboksi, 5 ni manyuo ya gia 4 na 6 ni otomatiki, na K za mwaka 1965 zilitoka na gia 4 za mkono tu, otomatiki zikaja 1966, kwa hiyo kibati chenye K na 6 kwenye gari la 1965 mimi hapo sinunui.

Wanaotaka Camaro ya Chevrolet ya 1969 hesabu ni nyingine kabisa, namba yake inakwambia silinda 6 au V8 basi, haisemi V8 ipi wala kama ni SS (Super Sport, toleo la nguvu zaidi), hapo mwombe muuzaji karatasi za kiwandani.